Jani la Isale

Mektrida alipanda Kilema, kijijini kwao mlimani, kwa wiki mbili tu. Alimwomba mwenye nyumba wake kule Pasua, mjini Moshi, asimpangishe mtu mwingine chumba chake, maana anarudi sasa hivi. Hiyo ni miaka minne. Chumba kilishapangishwa, na aliyekipanga naye ameshahama.

Alikwenda kwa sababu baba yake, mzee Wenseslaus, alikutwa amesimama kwenye migomba ya watu, kavaa koti la suti bila suruali, anauliza njia ya kwenda kwake. Kwake palikuwa hatua thelathini kutoka pale. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watu wakasema mzee amechanganywa na msiba, mwacheni, atatulia. Hakutulia. Kule hospitali ya misheni daktari alimwuliza leo ni siku gani, na saba ukitoa tatu zinabaki ngapi. Mzee, ambaye alipima kahawa ya kijiji kwa miaka thelathini na moja kwenye ghala la chama cha msingi bila kumpunja mtu hata kilo, alimtazama daktari kwa huruma. "Kijana," akamwambia, "hayo walikuwa wanafundisha darasa la kwanza. Wewe ulikuwa wapi?"

Daktari alicheka kidogo, akaandika. Kisha akamvuta Mektrida pembeni akamweleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa ya kuuponya na utazidi, akauliza mzee anaishi na nani. "Na mimi," akasema Mektrida. Hakuna aliyemlazimisha. Alijibu haraka haraka, kama mtu anayeulizwa jina lake, na tangu siku hiyo hakupata nafasi ya kulirekebisha jibu hilo.

Hapa inafaa kueleza kazi yake, maana watu wengi wa Kilema hawaielewi, na wachache wanaoielewa hawaamini kwamba kuna mtu analipwa kwa ajili yake. Mektrida anaonja kahawa. Katika kampuni moja ya wanunuzi wa kahawa mjini kuna chumba chenye meza ndefu, na juu ya meza vikombe vimepangwa vitano vitano. Kahawa iliyosagwa inamiminiwa maji ya moto, inaachwa dakika nne, halafu waonjaji wanapita na vijiko vyao wakiifyonza kwa kelele ambazo mtoto akizifanya mezani anachapwa. Wanaizungusha mdomoni, wanaitema kwenye ndoo, wanaandika. Basi. Ukiwatazama kutoka dirishani unaweza kudhani ni watu waliokosa malezi. Lakini gunia halipangiwi bei mpaka vijiko hivyo vipite.

Mektrida aliingia kampuni kama mchambuzi, mmoja wa wanawake wanaokaa kutwa nzima wakitoa punje mbovu kwa mikono. Siku moja alimwambia Bwana Isack, mkuu wa waonjaji, kwamba kahawa iliyoletwa asubuhi ile ililazwa karibu na vitunguu. Isack alidhani anatania. Alipoionja alimwita tena, akamwuliza amejuaje. Alikuwa amejifunza kwa baba yake. Alipokuwa mdogo alikaa karibu na mizani pale ghalani, na mzee alimpa punje aitafune amwambie ilianikwa wapi, kwenye mkeka, kwenye sakafu au jirani na mbuzi. Ulikuwa mchezo wao wawili. Wiki iliyofuata Isack alimhamishia kwenye meza ya vikombe, na Mektrida, ambaye ndoa yake ya kule Kirua Vunjo ilikuwa imemrudisha kwao bila mtoto na bila godoro, akaona kwamba kumbe na yeye kuna kitu duniani anakijua kuliko wengine. Aliipenda kazi ile. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu ndugu zake walilizungumzia suala hili lote bila kuligusa hata mara moja.

Kazi yenyewe ina masharti. Mwonjaji hali kitunguu saumu, hajipaki marashi, akishikwa na mafua hana faida. Inafanywa asubuhi, ulimi ukiwa haujachoka. Ikishaanza simu zinazimwa, na huwezi kutoka ukarudi, maana kahawa inapoa na ladha yake inabadilika kadiri dakika zinavyokwenda.

Sasa yachukue masharti hayo uyaweke nyumba moja na mzee Wenseslaus. Mektrida aliamka saa kumi alfajiri kila siku. Alimwosha. Binti hamwogeshi baba yake, jambo hilo halijaandikwa popote na kila mtu mlimani analijua, kwa hiyo alimfunga kanga kiunoni, akapitisha kitambaa chini ya kanga huku uso wake ukiangalia ukutani. Mara ya kwanza walilia wote wawili. Baadaye mzee aliacha kulia kwa sababu hakujua tena ni nani anayemwosha, akawa anamwita Magreth, jina la dada yake aliyekufa zamani. Mektrida hakujua kama ashukuru au ahuzunike. Akampa uji, akamfungia mlango wa nje kwa kamba, akakimbilia gari la mjini. Mchana jirani yao Mama Athanas, mjane wa miaka sitini na mitatu mwenye ng'ombe wake wawili na goti lake bovu, alikuja kumtazama kila alipopata nafasi. Jioni Mektrida alirudi akapika, akafua mashuka, akamlaza, akalala na sikio moja wazi.

Mzee alikuwa na safari moja tu. Alitaka kwenda kazini. Msimu wa kahawa ukifika, hata kama hajui mwezi, alijua. Mwezi wa kumi alikata kamba akashuka mpaka kwenye ghala la chama, ambalo siku hizi limekodishwa kwa muuza saruji. Akaingia, akaipiga mifuko makofi mmoja mmoja, akamwambia mwenye duka kwamba kahawa hii ni mbichi, airudishe nyumbani akaianike siku tatu. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, akamjibu kwa jina la heshima la wazee wa huku, "Sawa, Meku, nitaianika," akampa kiti. Lakini Mama Athanas hakujua. Alizunguka vijiji viwili na goti lake akilia njia nzima, akipiga simu ambayo ilikuwa imezimwa. Mektrida alipoiwasha saa sita alikuta taarifa za simu kumi na tisa alizopigiwa. Alimkuta baba yake anakunywa soda, amefurahi, na mikono yake imekuwa ya kijivu kwa saruji. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga, na yote mawili yalimtisha.

Mwezi wa kumi na moja Bwana Isack alimwita baada ya kazi. Anastaafu mwisho wa mwaka, akasema, na amempendekeza yeye ashike meza. Mkuu wa waonjaji! Mwanamke wa kwanza pale, na wa kwanza aliyetoka kwenye uchambuzi.

"Lakini nikwambie ukweli, dada," Isack akaendelea. "Msimu huu umekosa siku kumi na moja, na mara zote kumi na moja mimi ndiye niliyekutetea. Wamekubali kwa sharti moja. Kuanzia Jumatatu ya tarehe sita Januari, saa moja na nusu uwe mezani, siku sita za wiki. Uhamie mjini. Usipofika siku hiyo, meza wanampa mwingine, na kwa mahudhurio haya sidhani kama hata kijiko watakuachia."

Mektrida alisema asante. Alienda chooni akalia kwa furaha, halafu katikati ya furaha akaanza kulia kilio kingine.

Alimpigia simu Stanley siku hiyo hiyo. Stanley ni mdogo wake, kitindamimba, yuko Dar es Salaam kwenye shughuli za bandarini. Walizaliwa wawili tu. Kwa desturi ya huku, nyumba ya baba na kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, ni vya mtoto wa mwisho wa kiume, na pamoja na nyumba anarithi wazazi waliomo. Ndivyo inavyosemwa. Stanley alirithi nyumba, hilo halikuwa na ubishi, hata miche ya migomba iliitwa ya Stanley. Waliomo ndani alirithi Mektrida, ambaye kwa desturi hiyo hiyo hana mgomba hata mmoja.

"Dada, jambo kubwa hilo haliongeleki kwenye simu," Stanley alisema. "Krismasi tunakuja wote. Tutakaa kikao, tutaongea."

Basi Mektrida akaweka matumaini yake yote kwenye Krismasi. Ukoo mzima unarudi mlimani, magari yanapanda usiku na mchana, mtu ambaye hakuonekana tangu Krismasi iliyopita anakuja kuonekana. Watamwona mzee. Watakaa naye siku tatu, watashuhudia, na hapo hatahitaji kueleza sana.

Mama Athanas alimshauri vizuri. "Mwache jinsi alivyo," alimwambia. "Usimsafishe zaidi ya kawaida, usifiche kitu. Waje wamkute kama tunavyomkuta sisi."

Lilikuwa shauri la maana na Mektrida aliliafiki kwa moyo wote. Ilipofika tarehe ishirini na mbili Desemba akashindwa. Wageni waje wamkute baba yake ana harufu? Watoto wa Stanley wamwone babu yao na uji kifuani? Akatoa godoro lililoharibika akalificha kwenye banda la mbuzi, akaazima jingine. Akapaka chokaa ukuta ambao mzee alikuwa ameuchora kwa mkaa, safu baada ya safu za kilo za watu waliokwishakufa. Akamnyoa ndevu, akamkata kucha, akainyoosha suti, akamvalisha na kofia. Usiku wa kuamkia siku ya wageni hakulala, alikuwa anasugua sakafu. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alifuta ushahidi wake wote, na alipomaliza alisimama mlangoni akaona fahari kwamba nyumba inapendeza.

Wakaja. Mzee alisimama barazani akiwapa mikono, mmoja mmoja. Hakujua hata mmoja wao ni nani, lakini adabu ilikuwa bado ipo. "Karibuni, karibuni sana. Habari za safari? Na huko mlikotoka mvua ipo?" Maswali ambayo yanamfaa kila mgeni duniani. Stanley alimkumbatia akamtazama dada yake kwa mshangao. "Mbona mzee yuko vizuri hivi?"

Siku ya Krismasi wakachinja mbuzi. Kwao nyama haigawanywi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe, na mwenye kuijua hesabu hiyo ni mkubwa wa nyumba. Walimweka mzee kwenye kigoda, baba mdogo Sirili akakaa tayari kumsaidia, na vijana wakawa wanashika kisu. Mzee hakuhitaji msaada. Kidari hiki cha fulani. Mgongo mpeni mke wa fulani. Shingo, hapana, si hapo, kata chini kidogo, hii ni ya wajomba. Utumbo kina mama. Paja la kushoto wapelekeeni wale wa ng'ambo ya mto, msiwasahau, mwaka jana mliwasahau. Na ni kweli, mwaka jana waliwasahau! Watu walipiga makofi. Kitu alichokifanya kila mwaka tangu ujana kilikuwa kimekaa mahali ambapo ugonjwa haujafika, na kilitoka kizima kizima mbele ya ukoo. Mektrida alisimama na sinia mkononi. Alijivunia baba yake mpaka machozi yakamtoka, na hapo hapo akajua kwamba ameshindwa.

Usiku alipomvua suti alikuta fungu la mzee mwenyewe, nyama ya mafuta mazuri, limeingizwa kwenye soksi na soksi imefichwa chini ya mto. Alitamani kuibeba ile soksi aende nayo sebuleni akaiweke mezani katikati ya vibuyu vya mbege, pombe ya ndizi. Badala yake aliifua.

Kikao kilikaa siku ya pili yake, baada ya misa. Baba mdogo Sirili, mdogo wake mzee, ndiye aliyekiongoza. Mektrida alikuwa amejizoeza maneno yake njia nzima ya kwenda kazini kwa mwezi mmoja.

"Shikamooni wakubwa zangu," alisema. "Nimekaa na baba miaka minne, na sikuja kulalamika. Tarehe sita naanza kazi kubwa mjini na nitalala huko huko. Naomba mniambie mzee atabaki na nani. Stanley amchukue Dar, au atafute mtu wa kukaa naye hapa usiku na mchana, au mje kwa zamu. Mimi kila Jumamosi jioni nitapanda, Jumapili yote ni yangu. Simkatai baba yangu. Nakataa kuwa peke yangu."

Stanley akakohoa. "Dada, tunaongelea mzee huyu huyu aliyegawa mbuzi jana?"

Watu wakacheka, bila ubaya, kicheko cha watu walioshiba. Sirili naye akatabasamu. "Mwanangu, uzee ni uzee. Hata mimi nasahau miwani yangu iko wapi, na iko usoni."

"Baba mdogo, hanifahamu jina," Mektrida akasema. "Anatoka. Alishuka mpaka ghalani. Usiku anafungua milango. Anafanya…"

Alitaka kusema godoro. Alitaka kusema ukuta, na kanga, na kitambaa cha kuogea. Mzee alikuwa amekaa pale pale, kwenye kiti cha heshima, kofia kichwani, anaitikia kwa kichwa, kwa upole, kila mtu anapozungumza. Mektrida akatazama nyuso za wajomba na shangazi, akaona zimeanza kuinama kwa aibu. Hawakuwa wanaona aibu kwa ajili ya mzee. Walikuwa wanamwonea aibu yeye, binti anayemvua baba yake nguo mbele za watu. Akakaa chini.

Sirili alimwita Stanley nje. Walikaa huko kitambo, wanawake wakamimina mbege, mtu mmoja akaanza kuzungumzia barabara. Waliporudi, Stanley alikuwa ameshika jani la isale kwa mikono miwili, jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Kila aliyekuwa na kibuyu akakiweka chini. Isale ni ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, watoto wanauruka kila siku wakienda shule bila kuutazama. Lakini mtu aliyekukosea akikuletea jani lake lililofungwa fundo, unasamehe. Ndugu waliokatana mapanga kwa ajili ya mipaka wamepatanishwa nalo. Padri mwenyewe hajawahi kulisema vibaya. Hakuna anayemkumbuka mtu wa Kilema aliyelikataa akabaki na heshima yake, na wapo wanaosema hakubaki na uhai pia.

Stanley akapiga magoti mbele ya dada yake, kijana mnene wa miaka arobaini na moja, suruali nzuri kwenye sakafu ile aliyoisugua Mektrida. "Dada, nimekukosea," akasema. "Nimekuacha peke yako na mzee miaka yote hii. Mzigo ulikuwa wangu. Nisamehe."

Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa analia kweli. Hayakuwa maigizo. Na maneno yale Mektrida alikuwa ameyangoja miaka minne, mengine usiku aliyatunga mwenyewe akimwekea Stanley mdomoni, na hayakuwahi kuwa mazuri hivi. Alimwonea huruma mdogo wake. Alikumbuka alivyokuwa akimbeba mgongoni utotoni. Lakini alitaka kumwuliza jambo moja tu, je, ukishasamehewa utafanya nini? Jambo hilo haliulizwi. Aliyeletewa isale haweki masharti.

Watu walikuwa wamesimama wote, wanamtazama. Mikono yake ikanyooka, akalipokea jani.

Vigelegele vilisikika mpaka kwa Mama Athanas. Shangazi wakamkumbatia, wakamwambia ana moyo wa mama yake. Sirili akanyanyua kibuyu. "Yamekwisha," akatangaza. "Isale limepokelewa. Na jambo likishasamehewa kwa isale halirudiwi tena, si leo, si kesho. Anayelirudia amejiletea balaa mwenyewe." Akanywa, akampa Stanley naye anywe. Kosa lilikuwa limesamehewa, na dai la Mektrida likazikwa nalo kaburi moja. Hakuna mtu aliyekuwa amejibu mzee atabaki na nani. Sasa hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Wageni waliondoka tarehe ishirini na nane, magari yamejaa ndizi na maparachichi. "Wewe ndiye unayetuweka mjini kwa amani, dada," Stanley alisema, akimkumbatia kwa nguvu. Alikuwa amepona kabisa, ana furaha, anaonekana mdogo kwa miaka kumi. Jioni ile ile mzee alijisaidia kwenye godoro la kuazima.

Ni Mama Athanas aliyeliona tundu la kupenyea. Alikuwa anakamua ng'ombe, Mektrida anamweleza yote, akaacha kukamua. "Wewe umesamehe yaliyopita," akasema. "Januari imepita?"

"Haijapita."

"Basi hujaisamehe. Isale halikusema ukae. Mimi nitalala kwa mzee wiki moja, goti likikubali. Ondoka. Mpigie Stanley simu kutoka mjini, mwambie tu uliko. Akijua kwamba nyumba haina mtu atakuja, hata kama ni kwa kuogopa maneno ya watu. Ukiendelea kuwepo, mwanangu, hawatakuja mpaka wakuzike."

Mektrida alihesabu siku zilizobaki bila kusema neno kwa mtu. Moyo wake ulikuwa mwepesi kisha mzito, mara kumi kwa siku. Jumapili tarehe tano, saa kumi jioni, alikuwa amevaa viatu, begi liko miguuni, na kijana wa bodaboda ameshapigiwa simu. Mama Athanas alikuwa anamalizia ng'ombe wake, anakuja. Lilibaki jambo moja, kumwambia mzee. Hangeelewa, lakini kuondoka bila kuaga kungekuwa wizi. Alikaa naye kwenye benchi barazani, mahali jua linapofika mwisho, akatafuta pa kuanzia.

Mzee alianza mwenyewe. Alikuwa anamwangalia kwa muda, kichwa kimeinama upande.

"Samahani, mama," akasema. "Hapa wanakulipa?"

"Nani, mzee?"

"Hawa watoto wangu. Wanakulipa kitu?"

Mektrida akafikiri. "Hapana."

"Si vizuri." Akatikisa kichwa, amekasirika kwa niaba yake. "Unafanya kazi nyingi sana wewe. Mimi nakuona. Wanadhani sioni. Unaamka kabla ya watu, na maji ya kuniosha unayapasha moto, hunimwagii ya baridi." Alizungumza taratibu, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani na wakulima waliokuja kulalamika kwenye mizani. "Ukipata kazi nzuri mahali pengine, nenda. Usione haya. Huna deni hapa."

Kwa miaka minne hakuna mtu mwenye damu yake aliyemwambia neno hilo. Chini barabarani pikipiki ilifika, ikapiga honi.

"Na wewe utabaki na nani, mzee?"

"Mimi?" Mzee alishangaa kweli kweli, karibu acheke. "Mimi nina binti. Mektrida. Yuko mjini kwenye kahawa, anaijua kahawa yule, usimwone hivi, nilimfundisha mwenyewe. Nikimwita anakuja." Akampigapiga mkono kumtoa wasiwasi. "Yule hawezi kuniacha."

Honi ikalia tena. Mektrida hakusimama. Alitazama mkono wa mzee juu ya mkono wake, kucha ambazo alizikata yeye. Honi ililia mara ya tatu, ndefu, ya hasira.

"Ameshafika, mzee," akasema. "Mektrida yuko ndani, anakupikia."

Uso wa mzee ukang'aa wote. "Si nimekwambia!" akasema. "Basi wewe nenda, mama. Usimcheleweshe mtu wa pikipiki."

Mektrida akaokota begi lake, akaingia nalo ndani.